Kijapani hakina haja ya kupitia London

Mwanafunzi wa Kijapani nchini mwetu hukabidhiwa kamusi ya Kiingereza, kisha huachwa ahangaike. Akilitafuta neno aku, huambiwa ni "open". Akilitafuta akeru, huambiwa ni "open" vilevile. Huyakariri yote mawili, na siku ya mtihani hubahatisha. Mwalimu naye humlaumu kwa uvivu.

Kwa maoni yangu, kosa si la mwanafunzi. Ni la njia tuliyompitisha.

Na tusimame kidogo Olkaria, mahali ambapo Wajapani si wageni. Mtambo wa kwanza wa kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, ulioanza kazi huko mwaka 1981, ulitengenezwa na Mitsubishi. Na Olkaria V, iliyokamilika mwaka 2019, ilijengwa kwa mkopo wa Japani. Sasa chukua vali ya bomba la mvuke. Mjapani akisema aite iru, ana maana kwamba vali iko wazi, basi. Aliyeifungua hatajwi, na yamkini hayupo. Akisema akete aru, kuna mtu aliyeifungua kwa makusudi na kuiacha hivyo. Kiingereza cha haraka aghalabu husema "it is open" kwa hali zote mbili. Lakini mfanyakazi anayetaka kulikaribia bomba hilo angependa sana kujua ni ipi kati ya hizo.

Kiswahili kinayo tofauti hiyo. Vali imefunguka, vali imefunguliwa. Hata mtoto wa darasa la nne haichanganyi. Vivyo hivyo, maji huchemka, ndiyo waku. Mtu huyachemsha, ndiyo wakasu. Taa huzimika, kieru. Mtu huizima, kesu. Na hivi vitenzi viwili vya kuwapo, aru na iru, vinavyowatoa wanafunzi jasho? Bomba lipo, mtambo upo, mti upo: hiyo ni aru. Fundi yupo, na twiga wa Hell's Gate yupo: hiyo ni iru. Ngeli zetu zilikwisha kuifanya kazi hiyo zamani.

Sidai kwamba Kiswahili ni dawa ya kila ugonjwa. Sisi huvaa helmeti, ovaroli na buti kwa kitenzi kimoja, ilhali Mjapani anavyo vitatu: kaburu kwa vazi la kichwani, kiru kwa la mwilini, haku kwa la miguuni. (Msomaji asishtuke: kaburu huyu hatoki Afrika Kusini.) Hapo hatuna budi kukariri kama wengine.

Lakini mahali ambapo lugha yetu inatosha, kwa nini tuzunguke? Wanafunzi hulalamika kwamba kauli za kutendeka na kutendesha ni adhabu ya somo la Kiswahili. Mwalimu wa Kijapani na aziandike ubaoni: funguka kando ya aku, fungua kando ya akeru. Kisha amwite mwenzake wa Kiswahili waingie darasani pamoja, walau kwa kipindi kimoja.