Usiuze 404 kwa Kilo

Kuna watu wanaoamini kwamba kupenda magari ya mashindano ya miaka ya sitini ni ugonjwa wa Wazungu na wenye pesa. Nimeambiwa hivyo kwenye matatu ya Thika Road, nimeambiwa kwenye kibanda cha chai Kihunguro, na binamu yangu huniambia kila Jumapili, ilhali simu yake imejaa picha za Ferrari. "Wewe na hayo makopo yako!" Haya basi. Hili ni jibu langu kwake, na kwa kila familia ya Thika na Ruiru iliyo na gari kuukuu nyuma ya nyumba na mtu anayepiga hesabu ya kuliuza kwa kilo.

Tuanze na hizo picha za simu. Ferrari 250 GTO ziliundwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964. Moja iliuzwa New York Novemba 2023 kwa zaidi ya dola milioni 51. Ford GT40 nayo ilishinda Le Mans miaka minne mfululizo, 1966 hadi 1969. Ni magari mazuri, sikatai. Lakini Le Mans ni kuzunguka barabara ile ile ya lami, na kila ukikamilisha mzunguko mafundi wako wapo wanakungoja. Sisi hapa tulikuwa na mtihani mwingine. East African Safari ilikuwa karibu kilomita 5,000 za Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati wa Pasaka, yaani msimu wa mvua. Vumbi asubuhi, matope jioni, na mto usio na daraja katikati.

Mwaka wa 1963 magari zaidi ya 80 yalianza. Yaliyomaliza ni 7. Mwaka wa 1968 tena, 7 tu. Na mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Mwaka wa 1966 na 1967 aliyeshinda ni Bert Shankland wa Tanzania na Chris Rothwell, pia ndani ya 404. Hesabu mwenyewe: mara nne katika miaka sita.

Sasa 404 ni nini? Si gari la mfalme. Ni gari la mwalimu mkuu, la daktari wa wilaya, la mfanyabiashara wa kahawa. Injini ya lita 1.6, gia kwenye usukani, buti ya kubeba magunia. La mashindano liliongezwa nguvu, likakingwa chini dhidi ya mawe, lakini ukoo ulikuwa ule ule. Likishamaliza kumshindia mtu kombe, ndugu zake walikuwa stendi wakibeba abiria, na pikapu zake zikibeba kabichi. Ufaransa iliacha kuunda saluni ya 404 mwaka wa 1975. Kenya ikaendelea na pikapu zake kwa miaka mingi baadaye. Niambie ni Ferrari gani imewahi kumfikisha nyanya yako sokoni.

Hapo ndipo mvuto ulipo. Kasi ni sehemu yake ndogo, na rangi inayong'aa ni ndogo zaidi. Haya ni magari yanayokubali kueleweka. Fungua boneti ya 404 uone: injini imelazwa kwa nyuzi 45, unafikia karibu kila kitu kwa mkono na spana. Gari la leo likizima pale Githurai kwenye mvua, unangoja mtu aje na kompyuta imwambie ni nini kimekufa. 404 ikizima, unasikiliza, unanusa, unachomoa plagi unaisugua, unajaribu tena. Kijana akijifunza ufundi hapo, haelezwi na skrini. Anaelezwa na chuma chenyewe.

Najua utakachosema. Kwamba Safari ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, wakati nchi iko katika hali ya hatari na Wakikuyu wa huku kwetu wako kizuizini. Ni kweli, na asiyekumbuka hilo anapopaka rangi gari lake anapaka pia historia. Lakini usiishie hapo, maana hadithi haikuishia hapo. Mwaka wa 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi kabla ya kuwa dereva, alishinda Safari akiwa na nduguye Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 lililokwisha kutumika, wakalitengeneza wenyewe. Mtoto wa gereji akawapiku wenye timu za kiwanda. Na nyuma ya kila dereva kulikuwa na mikono myeusi kwa grisi ambayo haikuandikwa kwenye kombe, na wanakijiji waliosukuma magari matopeni. Kusema urithi huo ni wa Wazungu ni kuwapa Wazungu hata jasho la babu zetu.

Wenye pesa nao nina neno nao. Magari ya zamani yanayotunzwa vizuri tunayaona pale Ngong Racecourse siku ya Concours, yakikaguliwa kwenye nyasi. Tangu 2003 tuna pia Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani, lakini kuyaingia kunahitaji pesa ambazo huku Ruiru zinanunua ploti. Sina wivu. Nasema tu kwamba urithi ukifungiwa kwenye nyasi za wachache, wengine watauona kama takataka. Na takataka hupimwa kwa kilo.

Nimeona ikipimwa. Mwaka jana mama mmoja jirani yetu aliuza pikapu ya 404 ya marehemu mumewe. Wakaja vijana na gesi, wakaikata vipande kabla ya saa sita, wakapakia kwenye lori. Karibu tani nzima ya historia ikaenda kuyeyushwa iwe nondo za ghorofa. Simlaumu mama, karo haingoji. Hakuna aliyemwambia kwamba injini peke yake, mlango peke yake, taa peke yake, vina watu wanaovitafuta.

Na haviji vingine. Gari la mtumba lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia nchini, kwa hivyo yaliyobaki ndiyo hayo hayo. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya 2006 nayo inaita kitu cha kale kile kilichoundwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kwa kipimo hicho hakuna gari lolote hapa lililo la kale! Lakini sheria hiyo hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza kitu chenye thamani ya kihistoria kuwa kitu cha kulindwa. Atumie basi.

Thika haina kisingizio. Ndiko kuliko na KVM, kiwanda cha kuunganisha magari kilichosajiliwa 1974 kama Leyland Kenya, na ndiko Peugeot iliporudi kuunganishwa mwaka wa 2017. Kuna vyuo vya ufundi, kuna jua kali. Chuo kimoja kichukue 404 moja mbovu, wanafunzi waifufue, waipeleke hadi Murang'a na kurudi, na mzee wa gereji awe mwalimu mgeni mwenye malipo, si mtu wa kuombwa ushauri bure.

Na wewe uliye na gari nyuma ya nyumba: kabla ya kuita wenye mizani, ita fundi mzee. Muulize ni gari gani. Mlipe chai. Kisha ndipo uamue.