Kihispania cha Aliyechelewa

Vitabu vya kumfunza msafiri Kihispania huanza na salamu, kisha shukrani, kisha namna ya kuagiza kahawa. Sina ugomvi na salamu, kwani adabu ni pambo la mtu. Lakini salamu na shukrani hata asiyejua lugha huweza kuzitoa kwa mkono na uso mkunjufu. Taabu humpata msafiri pale ubao wa kiwanja cha ndege cha Madrid unapoandika "retrasado" mbele ya ndege yake, naye akabaki kuutumbulia macho. Rai yangu ni kwamba vijana wetu wanaokwenda huko, kwa masomo au kwa kazi za melini, waanze na maneno ya kuchelewa.

Wala si mengi. Ucheleweshaji Hispania huitwa "retraso". Ukivuka bahari kwenda Amerika ya Kusini utasikia zaidi "demora". Safari iliyofutwa ni "cancelado". Kuuliza ndege imechelewa kwa muda gani ni "¿cuánto retraso lleva?"

Yako maneno yenye nyuso mbili. "Tarde" ni alasiri, na pia ni kuchelewa: "sale por la tarde" ni kuwa inaondoka alasiri, na "sale tarde" ni kuwa inaondoka kwa kuchelewa. "Mañana" nayo ni kesho, na ni asubuhi, hata kesho asubuhi ikawa "mañana por la mañana".

Mswahili ana mtego wake peke yake. "Siete" ni saba, lakini "a las siete" si saa saba yetu, bali ni saa moja. Anayefasiri tarakimu asigeuze saa, atachelewa kwa muda wa saa sita kamili.

Hata hivyo, sisi tuliosomeshwa chuoni tusiiogope lugha hii. Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 mpaka Granada ilipoanguka 1492, na Kiarabu chao kimesalia vinywani mwa Wahispania hadi leo. "Hasta", yaani mpaka, imetokana na "hatta", neno lile lile lililotupa sisi "hata" tunaposema tangu asubuhi hata jioni. "Aduana", yaani forodha, na "diwani" yetu ni ndugu wa tumbo moja.

Tazama pia nani hubebeshwa lawama. Mtu wa Hispania husema "he perdido el tren", yaani nimelipoteza gari moshi, kosa likawa la abiria. Mtu wa Mexico husema "me dejó el tren", gari limeniacha, kama tusemavyo sisi wenyewe, kana kwamba gari ndilo lisilo na subira.

Lawama hiyo ina uzito, kwani nyuma yake iko haki. Ndege inayoondoka kiwanja cha Hispania ikichelewa kwa saa nyingi, sheria ya Umoja wa Ulaya nambari 261 ya mwaka 2004 yampa abiria haki ya chakula, na akilazimika kulala, haki ya malazi. Lakini asiyejua kuidai hulala kwenye kiti na njaa yake. Basi na aseme: "tengo derecho a comida y alojamiento", nina haki ya chakula na malazi. Akipuuzwa aombe "hoja de reclamaciones", karatasi ya kuandikia malalamiko.

Neno la mwisho ni "ojalá". Kamusi ya Real Academia Española yalirudisha kwenye "law sha Allah", Mungu akitaka. "Ojalá salgamos hoy", natamani tuondoke leo. Mhispania hulitumia kwa kutamani tu, hafungi ahadi kwalo. Sisi wenye inshallah iliyo hai, wangapi tumeifanya kifuniko cha ahadi tusiyokusudia kuitimiza, na mwenzetu akakaa barazani kutungoja? Lugha ya wageni inapotukumbusha heshima ya neno letu, haijatupotezea wakati.

Walisema wahenga, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Anayechelewa kujifunza haya, haki yake ataikuta imekwisha kuondoka.