Usiniambie Entarara kuna mwanga mwingi

Wasee, leo sina picha. Najua mmezoea nikiposti kitu lazima kiwe na picha, lakini nilichoona juzi kupitia darubini hakipigiki kwa simu. Nikiweka simu kwenye lenzi napata Rigel peke yake, doa jeupe limefura. Kale kanyota kadogo kando yake kamemezwa.

Na kako! Rigel inang'aa kumshinda mwenzake kama mara 400. Ukigawa upana wa mwezi vipande 190, kipande kimoja ndiyo nafasi iliyo kati yao.

Sasa, kila nikitaja darubini naambiwa hapa Entarara hapafai. Ati kuna mulika mwizi, ati mwangaza wa Kitengela umejaa angani, niende Magadi ama Samburu kwenye giza. Kama natafuta galaksi, sawa, mna haki. Galaksi ni kama moshi, mwanga wa mji unaifuta. Nyota pacha ni kesi nyingine kabisa. Hapo anayekuharibia ni nyota kubwa yenyewe, na hewa. Hewa ikitetemeka, nyota kubwa inamwagika juu ya mwenzake, na hata ukiwa Samburu kwenye giza totoro huoni kitu.

Mimi mwenyewe nilikosea muda mrefu. Nilikuwa naweka darubini kwenye simiti mbele ya nyumba, chini ya mabati. Vitu hivyo vimekunywa jua mchana kutwa, usiku vinatema joto. Nyota inacheza kama unaiangalia juu ya jiko la makaa. Juzi nikahamia kwenye nyasi nyuma ya boma, nikaacha darubini nje saa nzima ipoe, nikangoja saa nne usiku Rigel ikiwa juu kabisa. Mulika mwizi ya jirani ilikuwa inawaka vilevile. Nikajifunika leso ya mama kichwani, mbwa wakanibwekea kama mwizi. Dakika kumi hivi, hakuna. Halafu hewa ikatulia na kakatokea, kama punje ya chumvi kando ya taa. Kakapotea. Kakarudi.

Halafu kuna hii bahati hatuitumii. Tuko karibu na ikweta, kwa hivyo Rigel inapita karibu utosini. Sirius nayo inapanda hadi kama nyuzi 75. Mtu wa London anaiona kwa nyuzi 22 tu, akichungulia kupitia hewa nene ya karibu na upeo wa macho. Yeye anaweza kuwa na darubini ya bei mara kumi ya yangu, lakini hawezi kuipandisha Sirius.

Sirius ndiyo inaniuma. Mwaka 1844 Bessel, Mjerumani, aliona inavyoyumba angani akasema lazima kuna kitu kinaivuta. Alvan Graham Clark akamwona huyo mwenzake kule Marekani tarehe 31 Januari 1862, alipokuwa anajaribu lenzi mpya. Ukubwa wake ni kama wa dunia yetu, lakini uzito unakaribia wa jua. Imagine hiyo! Shida ni kwamba Sirius inamzidi mwangaza karibu mara 10,000. Wanazungukana kwa miaka 50, na walikuwa mbali zaidi karibu 2022 na 2023. Sasa wanakaribiana. Miaka ya 2040 ikianza, darubini ndogo kama yangu haitakuwa na lolote la kufanya hapo, na nafasi kama hii itarudi miaka ya 2070. Nitakuwa mzee wa bakora.

Kwa hivyo mkiniambia ningoje nipate pesa ya kwenda kwenye giza, naona mnanipotezea muda. Nimemtafuta Januari mbili mfululizo na darubini ya mtumba ya milimita 114, sijamwona. Najaribu tena, hapa hapa. Mzee wetu jirani, hiyo taa acha tu iwake. Ila ng'ombe, tafadhali, usimfunge tena pale kwenye nyasi.