Siku ya kuchinja kuku

Mhariri,

Wafugaji wa kuku wa nyama hapa Sombetini tunapigia hesabu vifaranga na chakula, siku ya kuchinja tunaisahau. Maji ya kunyonyolea yakichemka, ngozi inachunika na manyoya. Yakiwa vuguvugu, utahangaika na mabawa mpaka jioni. Nyuzi joto 60 hivi zinatosha. Achinje Mwislamu, la sivyo wateja wengi utawakosa.

Kero yangu ni utumbo na manyoya kutupwa mtaroni, kisha masika yanavileta mlangoni kwa jirani. Mwaka 2017 Serikali iliteketeza vifaranga 6,400 pale Namanga, ikitaja hofu ya mafua ya ndege. Basi hofu hiyo ifike na mitaroni: kata ipewe banda la kuchinjia, lenye maji na shimo la taka. Ada tutalipa.

Mfugaji,
Sombetini, Arusha