Vijana Wamalizao Skuli Wajifunze Mzani na Daftari



Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotoka, mwezi wa Januari, barazani kwetu hapana mazungumzo mengine. Fulani kafaulu, fulani kaanguka. Baada ya wiki mbili mazungumzo hayo hufifia, na waliofaulu na walioanguka twawaona wamekaa pamoja juu ya ukuta mmoja, wakingoja. Wangoja nini? Wangoja barua ya afisi. Nasi tulio upande huu twajua vyema kwamba mlango wa afisi haufunguki sawasawa kwa kila mtoto. Hatutalirudia neno hilo leo, maana hakuna msomaji wetu asiyelijua. Leo twataka kusema juu ya mlango mwingine, ambao hakuna aliyeufunga, ila wenye kuugonga ni wachache.

Mfano wetu twautoa mbali, Moshi, katika miteremko ya mlima Kilimanjaro. Msomaji asitushangae. Mchaga ana kahawa yake kama sisi tulivyo na karafuu zetu: zao ambalo mwenye shamba hulihudumia mwaka mzima, kisha bei yake hutajwa na mtu asiyemjua, katika mji asioufika. Yaliyowapata wao yatuhusu.

Kahawa ililetwa kule na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Wenyeji nao wakaipanda katika vihamba vyao, chini ya migomba. Walipoanza kuona fedha, walowezi wa Kizungu wakaingiwa na dhiki, wakataka Mwafrika akatazwe kulima zao hilo, kama alivyokatazwa nchi ya jirani, Kenya, kwa miaka mingi. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga wakaunda chama chao, KNPA, na rais wake akawa Joseph Merinyo. Watu wale hawakuwa na shahada za vyuo vikuu. Walikuwa na kusoma na kuandika walikokupata katika skuli chache za misheni, wakakutumia kuwaandikisha wakulima na kuyafikisha malalamiko yao serikalini. Kahawa haikung'olewa. Nao hawakungoja waajiriwe kwanza ndipo elimu yao iwafae.

Ama kasoro ilikuwapo, nasi hatutaificha. Mwaka 1933 mahali pa chama kile pakashikwa na KNCU, na meneja wake wa kwanza akawa Mzungu, A. L. B. Bennett. Ikaamriwa kahawa yote ya Wachaga ipitie hapo. Bei ya dunia ikaanguka, malipo yakapungua, na mwaka 1937 wakulima wakayavamia maghala ya vyama vyao wenyewe. Je, waliibiwa, au bei ndiyo iliyoanguka? Wengi wao hawakuwa na njia ya kujua, kwa sababu daftari lilikuwa mikononi mwa wengine.

Sisi tukaao nyuma ya meza ya duka twaifahamu hasira ile. Mteja asiyejua kusoma daftari, ukimwambia deni lake ni kiasi kadha, hata kama ni kweli tupu, ataondoka akinung'unika. Ukimdhulumu pia ataondoka akinung'unika vilevile. Kwake haki na dhulma zina sura moja. Mtu wa namna hiyo hana silaha ila kelele, na kelele zikizidi huvunja ghala lake mwenyewe.

Tazameni jinsi hesabu ya kahawa ilivyo. Mkulima wa Kibosho au Machame huchuma matunda mekundu, akayamenya kwa mashine ya mkono, akaloweka, akaosha, akaanika. Anachokipeleka ghalani ni kahawa yenye ganda lake la ndani. Kiwandani ganda huondolewa, na kilo 100 hushuka zikawa kama 80. Kisha hupangwa kwa madaraja, AA ikawa juu, na kila daraja lina bei yake. Juu ya hayo, chama hulipa malipo ya kwanza, na ya pili hufuata baada ya mauzo, yakiwa yamekatwa usafiri na ushuru. Katika kila hatua pana nafasi ya makosa ya bahati mbaya, na pana nafasi ya makosa ya kusudi. Kijana wa kidato cha nne mwenye hesabu ya asilimia aweza kuyafuata yote haya kwa penseli moja. Babu yake hakuweza.

Na kwetu je? Kilo tatu hivi za karafuu mbichi hutoa kilo moja kavu. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na baina ya pishi ya mfuto na pishi yenye lundo ipo riziki ya mtu. Ni wangapi katika watoto wetu waliopata alama nzuri ya hisabati na hawajapata kuikokotoa hesabu hiyo hata mara moja? Chuoni tulisomeshwa khabari ya wapunjao kabla hatujajua kujumlisha; ajabu ni kwamba wajuao kujumlisha hawautazami mzani.

Vijana wengi wa Marangu, wakishamaliza skuli, huupanda mlima na mizigo ya watalii. Ni kazi halali, na ni nzito, maana kilele ni mita 5,895. Getini pana mzani, na kanuni ni kwamba mzigo wa mpagazi usipite kilo 20. Asiyeijua kanuni hubeba atakachotwikwa. Aijuaye hubeba mwaka mmoja au miwili, huku akijifunza lugha, njia, miti na ndege, kisha akatafuta leseni ya kuongoza wageni. Kazi ni moja, lakini mmoja amezeeka nayo na mwingine ameipita.

Msituelewe kwamba daftari ni dawa ya kila maradhi. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika Tanganyika nzima, na KNCU ikavunjwa pamoja navyo, ikarudi mwaka 1984, na baadaye ikalemewa na madeni. Amri ya juu yaweza kufuta kazi ya miaka hamsini kwa siku moja. Lakini haikuweza kukifuta kilichokuwa vichwani mwa watu. Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa Moshi mwaka 1963 hakikufa, na tangu 2014 ni chuo kikuu. Wazazi wenye uwezo wa nauli na wakitazame nacho, badala ya kutazama Dar es Salaam peke yake.

Kwa wasio na nauli, ambao ndio wengi, twatoa rai kwa matawi. Jioni tatu kwa wiki, baada ya sala ya isha, meza ya tawi na taa yake vitumike kuwafundisha vijana, wake kwa waume, kusoma stakabadhi ya karafuu, kupima, na kuandika fedha iliyoingia na iliyotoka. Mwalimu si shida, kila mtaa una mwenye duka. Mzani tutauleta, na daftari zetu kuukuu tutazileta pia za kufanyia mazoezi. Madeni yaliyomo yamekwisha kulipwa, au wenyewe wamekwisha kusamehewa, hata kijana akikosea hatamdhuru mtu.