Simu si Mlezi wa Lugha

Siku hizi katika nchi yetu ya Uganda, kama ilivyo kwa jirani zetu, mtoto akilia hupewa simu. Akichelewa kusema, mzazi hushauriwa atafute programu ya simu itakayomfundisha kutaja wanyama na matunda. Nasi walimu wa Kiswahili twaelekezwa njia hiyo hiyo. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, twaambiwa kwamba walimu ni haba, basi kishikwambi kiachiwe kazi ya kumfungua mtoto ulimi. Sisi hatukubali.

Hatusemi haya kwa kuogopa vitu vipya. Redio tuliipokea, kaseti tukazipokea, na zote zikatufaa. Tunachokataa ni chombo kukalishwa katika kiti cha mtu.

Wenye hoja hiyo hupenda kututajia Tanga. Ni kweli kwamba tangu mwisho wa 2017 hadi 2019, katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji 170 vya mkoa huo wa Tanzania walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Wengi wao hawakuwahi kuingia shule, na idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ikapungua sana. Twawapongeza. Lakini watoto wale walikwisha kufikia umri wa shule, na walikuwa wakisema siku nyingi kabla ya kushika chombo. Kishikwambi kiliwafundisha kusoma. Kusema walikuja nako kutoka nyumbani. Anayechanganya mambo haya mawili huchanganya mavuno na mbegu.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, Marekani, walitangaza jaribio walilowafanyia watoto wa miezi 9. Kundi moja lilichezeshwa na kusomewa na watu waliosema Kichina, kwa vipindi 12. Kundi jingine likawatazama watu hao katika video kwa muda ule ule. Wa kwanza walizitambua sauti za Kichina; wa pili hawakuambulia kitu. Mwaka 2014 watafiti wengine wa Marekani walionyesha kwamba watoto wa miaka 2 hadi 2 na nusu walijifunza vitenzi vipya kwa mtu aliyezungumza nao papo hapo kupitia video, bali si kwa video iliyorekodiwa. Basi kosa si la kioo. Kinachomfundisha mtoto ni kujibiwa.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila maabara. Mtegaji wa kitendawili huita, akangoja aitikiwe "Tega!" Wakishindwa kukitegua, hudai apewe mji. Pasipo wawili hapana kitendawili.

Lipo tena jambo linalotuhusu sisi hasa. Programu nyingi tulizoziona ziliundwa kwanza kwa Kiingereza, kisha majina yakabadilishwa. Picha ya kiti, sauti husema "kiti". Picha ya yai, "yai". Mtoto hukusanya majina kama akusanyaye vizibo vya soda. Lakini Kiswahili hakikai katika majina peke yake. Kiti kimevunjika, mti umevunjika, yai limevunjika: haya huyasikia mtoto aliye karibu na mtu anayezungumza naye. Akisema "kiti imevunjika", kosa tulijualo sana madarasani mwetu, chombo humpigia makofi kwa kuwa amegusa picha iliyotakiwa. Mama au mwalimu humjibu, "Ala! Kiti kimevunjika? Nani amekivunja?" Kwa jibu hilo moja amemsahihisha pasipo kumwaibisha.

Twakiri kwamba wako watoto ambao kwao kifaa ni haki. Asiyeweza kutamka kwa sababu ya ulemavu hugusa picha, na chombo kikamsemea. Ulimi huo hatumnyang'anyi. Hata hivyo, chombo chenye picha ya "mimi", ya "taka" na ya "maji", kikizipanga kwa mtindo wa Kiingereza, kitamsemesha "mimi taka maji", naye hatalisikia "ninataka maji" kinywani mwake. Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikiwafunza wataalamu wa matatizo ya kusema tangu 2008. Yatupasa kuketi nao meza moja, ili programu hizo zitungwe kwa Kiswahili tangu msingi wake.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, wazazi wausikilize ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Pili, programu ikifunguliwa, mtu mzima aketi kando ya mtoto, amwulize na kumjibu. Tatu, fedha za kununulia vishikwambi zisitolewe katika fungu la kuajiri walimu wa Kiswahili.

Walimu wenzetu, mtoto anayeletwa kwetu akiwa kimya anangoja kusemeshwa. Tukimkabidhi chombo na kugeuka, kimya chake kitakuwa juu yetu.