Huduma Mpya Ipimwe kwa Mlango wa Kutokea

Msafiri atokaye Kisii kwenda mpakani Isebania hupita Rongo na Awendo, kisha Uriri, ndipo afike mji wa Migori. Huko ni nchi ya miwa, na kando ya barabara makanisa ni mengi ajabu: mengine ya mawe, mengine ya mabati matupu, na mengine hayana ila kibao chenye jina geni. Muumini fulani ameota ndoto, au amekosana na mchungaji wake, naye ameanzisha huduma yake. Wengi wetu Waislamu wa pwani tukiviona vibao hivyo husema, "Biashara tu hiyo," tukapita zetu. Mimi siafikiani na kauli hiyo. Jambo hili lina historia ndefu, na kipande cha historia hiyo kilipita katika mji wetu wa Mombasa.

Wamisionari wa Kisabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Haukupita muda Wajaluo wenyewe wakaanza kujiuliza kwa nini neno la Mungu lazima lipitie kwa mgeni. Johana Owalo, mzaliwa wa Asembo, alibatizwa Mkatoliki, akasilimu alipokuwa Mombasa, na pia akafundisha kwa Waanglikana wa Maseno. Alisema alipata maono mwaka 1907, na kutokana na maono hayo likazaliwa kanisa la Nomiya, ambalo jina lake maana yake ni "Alinipa". Kanisa hilo huwatahiri wanaume, ingawa jadi ya Wajaluo haikuwa tohara bali kung'oa meno ya chini. Msomaji Mwislamu hahitaji kuambiwa harufu hiyo inatoka upande gani.

Mwaka 1963 ikaja Legio Maria, iliyoongozwa na Simeo Ondeto pamoja na mwanamke kijana, Gaudencia Aoko. Walitoka katika Ukatoliki pamoja na wafuasi wengi, nao wakaendelea kutumia Kilatini katika ibada. Serikali iliwaandikisha mwaka 1966. Ondeto alifariki mwaka 1991, na mlima wa Got Kwer huko Migori hata leo ni mahali pao patakatifu. Aoko yeye aliachana na Legio baadaye, akashika njia yake.

Habari hizi nimezitaja kwa sababu moja. Owalo aliingia dini hii akatoka, akaingia ile akatoka. Aoko alianzisha huduma pamoja na wenzake, kisha akaiacha. Yawezekana walilaumiwa na hata kutukanwa, lakini waliondoka kwa miguu yao. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, penye kipimo cha huduma yoyote mpya. Tusiulize kwanza mwanzilishi amesoma chuo gani, wala kama ndoto yake ni ya kweli, maana ndoto haina shahidi. Tuulize: aliyeingia aweza kutoka? Aweza kwenda kumzika mama yake? Mtoto wake akiugua, aweza kumpeleka hospitali bila kuomba ruhusa ya mchungaji?

Mlango huo ukifungwa, msiba hauko mbali. Mwezi wa Aprili 2025, polisi waliingia katika kanisa moja la Opapo, huko Rongo, wakawatoa watu 57 waliokuwa wakiishi humo, na wengine walikuwa wamekwisha kufa. Na sisi wa pwani tusijidai kwamba hayo ni ya bara. Shakahola iko Kilifi, kwetu. Tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu ule, na mhubiri Paul Mackenzie akafikishwa mahakamani. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, si mbali na hapo. Vilevile tuna vijana wetu wa Kiislamu walioshawishiwa na watu wenye maneno matamu, wakatoka majumbani bila kuaga, na wazazi wao wangali wakingoja habari. Mlango uliofungwa hauna dini.

Wako wanaotaka serikali ipige marufuku huduma mpya, au imtake kila mhubiri awe na shahada. Mimi naona hilo ni kutibu jino kwa kukata kichwa. Katiba ya 2010, Ibara ya 32, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na Ibara hiyo hiyo inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Anayemfungia mfuasi wake ndani ameivunja sheria hiyo, hata kama ana cheti cha kuandikishwa ukutani. Chifu na mzee wa mtaa wanayo haki, tena wanao wajibu, wa kubisha hodi na kuhesabu watoto wanaokwenda shule.

Na jirani je? Jirani ndiye wa kwanza kuona. Mkristo wa Uriri anayeanzisha kanisa chini ya mwembe, mchana kweupe, watu wakiingia na kutoka, tumwache na Mola wake. Sisi dini yetu inatufundisha kwamba imani si ya kushurutishana. Lakini ukiona nyumba ya ibada watu waingia na hawaonekani tena sokoni, wala kisimani, wala mazikoni, usiseme hayo si ya dini yako. Bisha hodi. Usipojibiwa, nenda ukaseme kwa wakubwa siku ile ile.